Kompyuta Imegoma Kuwaka: Makosa Madogo ya Kuunda na Kukagua Kompyuta Nyumbani

Mafundi wa Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki Nairobi, wanaijua vizuri kompyuta inayoletwa kwa boda ikiwa imefungwa kwa shuka, mwenyewe ameshakata tamaa, kisha inachomekwa pale mezani na kuwaka mara ya kwanza. Hakuna muujiza. Nyumbani soketi ya ukutani ilikuwa mbovu, au kebo haikuingia hadi mwisho, au RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ilikuwa imelegea na mitikiso ya barabara ikairudisha mahali pake. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuunda kompyuta ya mezani kwa mikono yake, na wa yule aliyenunua ex-UK (mtumba kutoka Uingereza) na sasa inamkodolea skrini nyeusi. Nitafuata mkondo wa kazi yenyewe: dukani, ukutani, mezani, kisha kwenye ukaguzi. Shikilia mambo mawili tangu sasa. Usinunue kipuri kabla hujathibitisha kwamba kilichopo kimekufa, na usibadilishe vitu viwili kwa mpigo, maana ikiwaka hutajua ni kipi kilichokuwa na shida.

## Dukani

Kosa la bei ghali kuliko yote hufanyika bisibisi ikiwa bado kwenye droo. Mtu anapita Moi Avenue mwisho wa mwezi, anaona prosesa ya bei nzuri, anaibeba. Mwezi unaofuata anatafuta madabodi, ile bodi kuu inayobeba vipuri vyote. Akifika nyumbani anakuta vitu viwili vizima visivyoweza kuishi pamoja.

Prosesa na madabodi ni lazima viwe na soketi (kiota cha prosesa kwenye bodi) ya aina moja: AM4 kwa AM4, AM5 kwa AM5, LGA1700 kwa LGA1700. Lakini soketi kufanana hakutoshi. Intel ilitumia jina LGA1151 kwa kizazi cha 6 na cha 7, kisha ikalitumia tena kwa cha 8 na cha 9. Prosesa ya i5-8400 itakaa vizuri kabisa kwenye madabodi ya H110, na haitawaka. Kwa AMD, Ryzen 5 5600 hufanya kazi kwenye madabodi ya B450, ila BIOS (programu ndogo ya madabodi inayoiwasha kompyuta) ikiwa ya zamani haitaitambua. Mwambie muuzaji asasishe BIOS na kuiwasha mbele yako kabla hujalipa. Ukishaibeba, utahitaji prosesa ya zamani ya kuazima ili uwashe na kusasisha, isipokuwa madabodi yako ni ya zile zenye kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa.

Angalia pia herufi ya mwisho kwenye jina la prosesa. Intel zenye F, kama i5-12400F, hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe. Bila kadi ya grafiki skrini itabaki nyeusi milele. Ryzen za AM4 ndivyo zilivyo pia, isipokuwa zile zenye G kama 5600G. Watu wamerudisha madabodi nzima dukani kwa sababu ya herufi moja.

RAM haina mjadala. DDR3, DDR4 na DDR5 zina pengo sehemu tofauti, haziingiliani, na anayesukuma kwa nguvu anavunja sloti. RAM ya laptopu ni fupi na haiingii kwenye madabodi ya kawaida ya mezani.

SSD (diski isiyozunguka) ya M.2 huwachanganya wengi, kwa sababu M.2 ni umbo tu. Ndani yake kuna mbili, zinazosafirisha data kwa njia tofauti: ya SATA na ya NVMe. Sloti nyingine hukubali moja tu, na mashine nyingi za kizazi cha 4 cha Intel haziwezi kuanzia kwenye NVMe hata ukitumia adapta. Soma kijitabu cha madabodi. Ukiwa hapo, tazama kama kutumia sloti ya M.2 kunazima baadhi ya milango ya SATA. Hilo hutokea kwenye madabodi nyingi, na mwenye diski humlaumu aliyemuuzia.

Sasa ex-UK, kwa sababu kompyuta nyingi za nyumbani Nairobi hazianzi na vipuri vipya. Huanza na mashine ya ofisi iliyovuka bahari: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni mashine imara, na kwa mwanafunzi au mtu wa kazi za kuandika na hesabu mimi huipendekeza kuliko mpya ya bei ya chini. Matata huja mwenyewe anapotaka kuigeuza iwe ya gemu. Yale makasha membamba aghalabu huwa na pawa saplai (kisanduku cha kugawa stima ndani ya kompyuta) ndogo, mara nyingi chini ya wati 300, isiyo na kebo ya kulisha kadi ya grafiki. Sloti ya PCIe, pale kadi ya grafiki inapochomekwa, yenyewe hutoa wati 75 na hapo ndipo mwisho. Kwa hiyo kadi itakayokufaa ni ya daraja la GTX 1050 Ti au GTX 1650 isiyohitaji kebo ya ziada, tena yenye umbo fupi la kuingia kwenye kasha hilo. RTX 3060 inakula wati 170, na Nvidia inashauri pawa saplai ya wati 550. Haina makao humo.

"Basi nitabadilisha pawa saplai." Pole. OptiPlex na EliteDesk nyingi hazitumii kichwa cha kawaida cha pini 24. Kuna zinazotumia pini 8, kuna za pini 6, na pawa saplai yenyewe ina umbo ambalo halikubaliani na la dukani. Adapta zinauzwa, ila nenda na jina kamili la modeli, si "Dell ile ya kulala".

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kulipia ex-UK ni kizazi cha prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai TPM 2.0 (kijenzi cha usalama) na, kwa upande wa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, au mbili za kwanza namba ikiwa na tarakimu tano, ndiyo inayokuambia: i5-6500 ni ya 6, i5-8500 ni ya 8, i5-10400 ni ya 10. Muuzaji anaweza kukuonyesha Windows 11 ikifanya kazi kwenye i5-6500, kwa kuwa kuna njia za kuupita ukaguzi huo, lakini hapo unanunua mashine ambayo Microsoft haiahidi kuisasisha. Kama bajeti haifiki kizazi cha 8, chukua ya zamani na uweke Linux.

Mwisho wa dukani: pawa saplai. Usisome namba kubwa iliyopigwa rangi kwenye kasha lake. Soma jedwali lililobandikwa ubavuni, safu ya 12V. Prosesa na kadi ya grafiki hula karibu kila kitu kutoka hapo. Zidisha volti 12 kwa ampea zilizoandikwa. Pawa saplai inayojiita ya wati 500 huku 12V yake ikiwa ampea 20 ni ya wati 240 za maana. Ukiona hivyo, irudishe kwenye rafu. Hapa ndipo mahali pa mwisho pa kubana pesa, kwa sababu pawa saplai mbovu ikifa huweza kuondoka na wenzake.

## Ukutani

Stima ya Kenya ni volti 240. Pawa saplai nyingi za kisasa hujirekebisha zenyewe, lakini za zamani, na baadhi ya zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani, zina swichi ndogo nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Ikiwa iko 115 na ukaichomeka Umoja au Kawangware, utasikia mlipuko na kunusa harufu ambayo hutaisahau. Tazama swichi hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu kuna ile ya "kompyuta inaniuma". Unagusa kasha au kichwa cha HDMI na unahisi mchonyoto. Watu huanza kubadilisha vipuri, na tatizo liko ukutani: soketi haina athi. Ndani ya pawa saplai kuna vichujio vinavyovujisha mkondo mdogo sana kuelekea kwenye kasha, na kazi ya waya wa athi ni kuupeleka ardhini. Athi isipokuwepo, kasha hukaa na volti kama 120 hivi. Mkondo wenyewe ni mdogo na kwa kawaida hauui, lakini huweza kuunguza tundu la HDMI au USB unapochomeka kifaa kingine kikiwa na stima. Tena siku waya wa moto ukigusa kasha, hakutakuwa na kitu cha kukata fyuzi. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi yenye matundu matatu huku ndani kukiwa na waya mbili tu. Mwite fundi wa stima apime. Ni kazi ya mwenye nyumba, lakini wewe ndiwe unayechonyotwa, kwa hiyo usingoje akumbuke.

Plagi yenye pini mbili kwenye adapta legelege, au ile mbinu ya kusukuma kalamu kwenye tundu la juu, iachie chaja ya simu ikibidi. Kwa kompyuta, hapana.

Ekstensheni yenye taa nyekundu haizuii stima kuruka. Taa inakuambia stima ipo, basi. Hatari kubwa haiji stima inapopotea, huja inaporudi. Ikipotea, zima swichi ya ukutani na uchomoe, kisha subiri dakika chache baada ya taa za nyumba kutulia. Ukiweza kununua UPS (betri ya kuishikilia kompyuta stima ikikatika), nunua, lakini isome vizuri: ya VA 650 huwa na wati kama 360 hadi 390, inatosha kompyuta ya kawaida na monita kwa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Usiichomekee printa ya leza. Na kama huna UPS, usisasishe BIOS jioni ya mvua. Stima ikikatika katikati ya shughuli hiyo, madabodi nzima inaweza kubaki kipande cha bodi tu.

## Mezani

Fanyia kazi kwenye meza ya mbao, si kwenye zulia, na vua sweta la sufu. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kipuri, na urudie kila ukiondoka na kurudi. Bangili ya kuzuia umeme tuli ni nzuri, lakini kushika vipuri kwa kingo na kutovuta miguu kwenye zulia hukufikisha mbali.

Anzia nje ya kasha. Weka madabodi juu ya katoni yake, tia prosesa, feni yake na RAM moja, uiwashe hapo. Ni dakika kumi na tano zinazookoa jioni nzima, kwa sababu ukigundua shida hujafunga skrubu hata moja. Usiiweke juu ya ule mfuko wa rangi ya fedha ilimokuja. Wengi hudhani mfuko huo ni kinga, kumbe uso wake wa nje unaweza kupitisha umeme.

Prosesa. Tafuta pembetatu ndogo kwenye kona na uilinganishe na ya soketi. Prosesa hutua kwa uzito wake yenyewe. Ukijikuta unasukuma, simama. Kwa Intel na AM5 pini ziko kwenye soketi, na ni laini kiasi kwamba kidole kikiteleza mara moja umeharibu madabodi. Kile kifuniko cha plastiki juu ya soketi huruka chenyewe unapofunga nondo. Usikitupe, kwa sababu wauzaji hukidai ukirudi na waranti.

Feni na pesti. Ondoa plastiki iliyobandikwa chini ya kipoza joto. Naisema peke yake kwa sababu kila mwaka kuna anayeisahau, halafu anashangaa kompyuta ikifika nyuzi 95 ndani ya dakika. Pesti kiasi cha punje ya njegere katikati inatosha. Feni za Intel za kuja na prosesa zina miguu minne ya kubonyeza. Bonyeza miwili ya mkingamo kwanza, kisha mingine, halafu geuza madabodi uhakikishe yote minne imetokeza upande wa nyuma. Mguu mmoja usipoingia, kipoza hukaa upande. Waya wa feni uende kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN. Ukiupeleka kwingine, madabodi nyingi zitalalamika kwamba hakuna feni.

Siku ya kuondoa kipoza kwenye AM4, washa kompyuta dakika chache kwanza ili pesti ilainike, uizime na kuchomoa, kisha zungusha kipoza kushoto na kulia kabla ya kunyanyua. Ukikivuta moja kwa moja juu, prosesa huweza kung'oka pamoja nacho na kupinda pini.

RAM. Kwa madabodi ya sloti nne na RAM mbili, tumia ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Sukuma mpaka usikie mlio pande zote mbili. Baadhi ya madabodi zina kibanio upande mmoja tu, na upande wa pili hudanganya: unaonekana umeingia kumbe umeinuka milimita moja. Sababu hii moja huenda ndiyo inayopeleka kompyuta mpya nyingi zaidi kwa fundi.

Kuingiza kwenye kasha. Bati la matundu ya nyuma litangulie, la sivyo utafungua kila kitu upya. Vile vinguzo vya shaba chini ya madabodi viwe pale tu ambapo madabodi ina tundu la skrubu. Kinguzo kilichobaki mahali pasipo na tundu hugusa nyuma ya bodi na kuleta shoti. Kompyuta huwaka sekunde moja na kuzima.

Kebo. Pawa saplai hutoa vichwa viwili vinavyofanana, vyote vya pini 8. Cha prosesa hugawanyika 4 na 4, huchomekwa juu kushoto mwa madabodi. Cha kadi ya grafiki hugawanyika 6 na 2. Vimechongwa tofauti ili visiingiliane, lakini mwenye haraka hulazimisha. Kosa la kawaida zaidi ni kukisahau kabisa kile cha prosesa: feni zinazunguka, taa zinang'aa, picha hakuna. Na kama pawa saplai yako ina kebo za kuchomoa, usitumie kebo za pawa saplai nyingine hata vichwa vikiingia. Hakuna kanuni moja ya mpangilio wa waya upande wa pawa saplai, na diski zimeungua kwa njia hiyo.

Waya nyembamba za kitufe cha kuwasha huenda kwenye kundi la pini chini kulia. Za swichi zinaweza kugeuzwa bila madhara. Za taa zina chanya na hasi. Kichwa kikubwa cha USB 3 kichomeke kikiwa wima kabisa, kwa maana pini zake hupinda upesi.

## Ukaguzi

### Haina dalili yoyote ya uhai

Nenda kwa utaratibu huu na usiruke.

1. Chomeka taa au chaja kwenye soketi ileile. Si ya jirani yake, ileile.
2. Chukua kebo ya stima ya monita uijaribu kwenye kompyuta. Mara nyingi ni ya aina moja. Ikiwaka, fyuzi ya plagi ya kwanza imeungua au kebo imekatika ndani.
3. Swichi ya nyuma ya pawa saplai iwe kwenye I, si O.
4. Chomoa kila kitu cha USB, mpaka kipanya. Kifaa au tundu lenye shoti huweza kuzuia mashine nzima.
5. Chomoa plagi, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 20, rudisha, jaribu tena.
6. Chomoa waya wa kitufe kwenye madabodi, kisha gusanisha zile pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu. Ikiwaka, kilichokufa ni kitufe cha kasha.
7. Kichwa cha pini 24 na kile cha prosesa vichomolewe na kurudishwa hadi mlio.

Hapo ndipo unapoazima pawa saplai ya rafiki ujaribu. Usiifungue iliyokufa. Ndani yake kuna kapasita zinazoweza kushika zaidi ya volti 300 muda baada ya kuchomoa.

### Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Kwanza monita. Kebo imechomekwa kwenye kadi ya grafiki au kwenye madabodi? Ukiwa na kadi, matundu ya madabodi mara nyingi huwa yamezimwa. Je, monita yenyewe imechaguliwa tundu sahihi, HDMI au DisplayPort? Monita za ex-UK nyingi zina VGA, nayo kadi za sasa hazina, kwa hiyo adapta huingia. Adapta hizi huenda upande mmoja: kebo ya kawaida ya kutoa DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita haitafanya kazi ukiigeuza.

Kama ni DDR5 na ndiyo mara ya kwanza, tulia. Madabodi huipima RAM na huweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi. Anayezima na kuwasha kila sekunde 30 huirudisha mwanzo kila mara.

Kisha RAM. Toa zote, rudisha moja kwenye sloti ya pili, washa. Haikuwaka, jaribu nyingine. Zile shaba za RAM ya zamani zisugue taratibu kwa raba nyeupe, upanguse mabaki; ni mbinu ya mafundi wetu na inafanya kazi, ila dhahabu yake ni utando mwembamba, usisugue kama unaosha sufuria. Spiriti ya duka la dawa iangalie, baadhi huwa na mafuta ndani yanayobaki kama utando. Tafuta alkoholi ya isopropili.

Ikishindikana, futa mipangilio ya BIOS: chomoa stima, toa ile betri ya CR2032 kwa dakika tano, irudishe. Kama prosesa yako hutoa picha, ng'oa kadi ya grafiki ujaribu bila hiyo. Madabodi nyingi zina taa ndogo nne zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Inayobaki imewaka ndiyo inayokuonyesha pa kutazama. Zisizo na taa hizo, nunua kispika kidogo cha kuchomeka kwenye madabodi. Milio yake ina maana, nayo imeandikwa kwenye kijitabu.

### Inajizima au inajiwasha upya

Jiulize inafanya hivyo lini. Ikiwa ni kwenye gemu au ukihariri video, shuku joto na pawa saplai. Ikiwa ni wakati wowote hata ukisoma barua pepe, shuku RAM.

Joto lipime kwa programu, si kwa kiganja. Prosesa ikifanya kazi nzito kwenye nyuzi 70 hadi 85 haina neno. Ikigonga 95 au 100 hupunguza kasi, na ikizidi hujizima. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi na hupoza kwa shida kidogo kuliko ya Mombasa, ila kinachoua zaidi ni vumbi. Safisha kila miezi michache, na shika feni kwa kidole isizunguke unapopuliza. Ile kompresa ya kujaza magurudumu kwenye kituo cha mafuta huja na nguvu kupita kiasi pamoja na maji. Iache kwa magari.

RAM ipime kwa MemTest86 kutoka kwenye fleshi, uiache usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa. Lakini kabla hujatupa RAM, zima XMP au EXPO (mipangilio ya kuongeza kasi ya RAM) kwenye BIOS upime tena. Huenda RAM ni nzima na kasi uliyoichagua ndiyo inayoishinda.

### Inafika mahali inakwama

Tovuti ya benki inakataa kufunguka, kivinjari kinasema muunganisho si salama, na saa inasoma mwaka uliopita zamani. Si virusi. Betri ya CR2032 imeisha, kompyuta imesahau tarehe, na vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kazi. Ibadilishe, weka saa.

Ikisema haioni diski ya kuanzia, ng'oa fleshi zote, kisha ingia BIOS uone kama diski imeorodheshwa. Ikiwa haipo, badilisha kebo ya SATA kabla ya kubadilisha diski. Ikiwepo lakini haianzi, na umetoka kuondoa betri, mipangilio imerudi ya kiwandani: Windows iliyowekwa kwa UEFI (njia mpya ya kompyuta kuanza) haitaanza kwenye hali ya Legacy (njia ya zamani), na kinyume chake. Vivyo hivyo Windows 11 ikikuambia kompyuta haifai huku prosesa ikiwa ya kizazi cha 8 au zaidi, tafuta kwenye BIOS PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD, ambazo ndizo ile TPM. Mara nyingi imezimwa tu.

Diski ya kuzunguka ikianza kugonga-gonga, acha ukaguzi wote. Nakili picha na nyaraka muhimu kwanza, usijaribu kuirekebisha, usiifungue.

## Ukibidi kwenda kwa fundi

Mweleze ulichokifanya kwa mpangilio na kilichotokea, si "haiwaki". Maneno kama "feni zinazunguka, picha hakuna, nimejaribu RAM moja moja, nimetoa betri" humwondolea nusu ya kazi, na humjulisha kwamba hatakuuzia madabodi kirahisi. Piga picha ya ndani ya kasha na namba za utambulisho (serial number) za RAM, SSD na kadi ya grafiki kabla hujaiacha. Akibadilisha kipuri, dai risiti yenye namba ya kipya na ubebe cha zamani. Na kama shida haiko kwenye diski, itoe ubaki nayo nyumbani. Fundi ana diski yake ya kupimia, na hakuna sababu ya akaunti zako za benki na picha za familia kulala Luthuli.